"Ajali Haina Kinga": Je, Ni Kweli?

Mwezi wa Mei unapoelekea mwisho, watu wa nyanda za juu hawahitaji kalenda ya kuwaambia kwamba kipupwe kimekaribia. Mvua zimekatika, mahindi yanakauka shambani, na upepo wa kusi umeanza kupenya katika nyufa za milango. Katika uwanda wa Kitulo, ulioinuka kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, kuna asubuhi za Juni na Julai ambapo umande huganda majanini hata nyasi zikaonekana kana kwamba zimenyunyiziwa chumvi. Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, milima ya Usambara kule Lushoto, na kwa jirani zetu wa Kenya, Limuru na Nyandarua, kote huko baridi ni jambo la kuandaliwa kama vile mbegu ziandaliwavyo kabla ya mvua. Wenzetu wa Ulaya hufanya maandalizi hayo mwezi wa Septemba na Oktoba, majani ya miti yao yanapopukutika: hukagua majiko, husafisha mabomba ya moshi, hupanga kuni. Kwetu sisi msimu wa kufanya hivyo ndio huu.

Msomaji wa Tanga, wa Mtwara au wa Dar es Salaam asiugeuze ukurasa akidhani haya hayamhusu. Huenda binti yake yuko bwenini Njombe. Huenda kijana wake amepanga chumba Mbeya kwa ajili ya masomo au kazi. Tena swali tunalotaka kulijadili leo si la baridi tu. Ni swali la dhamiri, nalo humfikia kila mtu aliye na nyumba, au aliye na mtu nyumbani.

Karibu kila kipupwe husikika habari za namna moja. Watu wa nyumba moja waliingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Kulipokucha hawakuamka. Majirani hukusanyika, kilio hupigwa, na kabla jeneza halijaondoka uani, mzee mmoja hutikisa kichwa na kusema: "Ajali haina kinga." Mwingine huongeza: "Ni kazi ya Mungu, haina makosa." Wote huitikia, na maneno hayo huyafunga mazungumzo kama kifuniko kifungavyo chungu. Mwaka unaofuata kifuniko hufunuliwa tena, na ndani yake mna jeneza jingine.

Sasa sisi twauliza, kwa heshima yote tuliyo nayo kwa wafiwa: Je, ni kweli? Kifo cha namna hiyo ni kazi ya Mungu? Na kama sivyo, ni kazi ya nani?

Haifai kulihukumu jambo kabla ya kulijua. Basi na tutazame kwanza kinachotokea ndani ya chumba kile. Mkaa unapowaka huhitaji hewa ya oksijeni. Oksijeni isipotosha, mkaa hauungui sawasawa, nao hutoa kwa wingi hewa iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha. Jicho haliioni wala pua hainusi kitu. Mtu akiivuta huingia mapafuni, na kutoka huko huingia katika damu, ikashikamana na kile kitu chekundu cha damu kichukuacho oksijeni. Nayo hushikamana nacho kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hapo damu huzunguka mwilini imebeba mzigo usiofaa, na ubongo na moyo hukosa oksijeni ingawa mtu angali anapumua. Kwanza kichwa huuma. Halafu huja kizunguzungu, kichefuchefu, ulegevu wa viungo, na usingizi mzito. Aliye macho huenda akaitambua hatari, lakini mara nyingi miguu imekwisha kukataa kumchukua. Aliyelala hatambui neno. Watoto wachanga, akina mama wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo hudhurika upesi kuliko wengine.

Watu wengi hudhani kwamba hatari ni moshi. Wakiona makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha, huliingiza jiko ndani kwa amani. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi yaweza kuua watu bila hata kuwakohoza. Wala bakuli la maji likiwekwa kando ya jiko haliiondoi sumu hiyo, kwa maana haiyeyuki katika maji isipokuwa kidogo mno. Wala jiko la gesi lililoachwa likiwaka usiku kucha katika chumba kilichofungwa si salama. Nalo pia hula hewa ile ile wanayoihitaji walalao.

Hapa mtu wa makamo atatujibu: "Padre, babu zetu walilala na moto katikati ya nyumba maisha yao yote. Mbona hawakufa?" Ni swali la haki, nalo lastahili jibu. Nyumba ya babu ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Paa lake lilipumua. Moshi na hewa mbaya vilipenya katika nyasi vikaenda zake, na hewa mpya ikaingia chini ya mlango. Nyumba ya mjukuu ni ya matofali na saruji, ina bati, ina dari, ina madirisha ya vioo yasiyopitisha hata uzi. Moto ni ule ule, lakini nyumba si ile ile. Na mwenye kuufuata mwenendo wa babu katika nyumba isiyo ya babu hafuati mapokeo, bali anafuata nusu yake tu. Zaidi ya hayo, si kweli kwamba wazee hawakulipa. Walilipa kwa macho mekundu, kwa vifua vya akina bibi vilivyokohoa usiku kucha, na kwa watoto waliokufa kwa kichomi pasipo mtu kujua kwamba moshi wa jikoni ulikuwa na sehemu yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 uchafu wa hewa ya majumbani, utokao hasa katika kupikia na kuota moto wa kuni, mkaa na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Basi tukiisha kuyajua hayo, turudi kwenye methali yetu. Ipo mahali ambapo ni ya kweli. Mtu apitaye njiani akaangukiwa na mti uliong'olewa na dhoruba, ambao jana ulisimama imara mbele ya macho ya wote, huyo twaweza kusema ajali yake haikuwa na kinga. Lakini wahenga wale wale walituachia maneno mengine pia: Tahadhari kabla ya hatari. Kinga ni bora kuliko tiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa wapumbavu hata wajipinge wenyewe. Kila neno lina saa yake. "Ajali haina kinga" ni neno la kumfariji mtu baada ya jambo kutokea. "Tahadhari kabla ya hatari" ni neno la kumwongoza mtu kabla halijatokea. Kosa letu ni kulichukua neno la msibani na kulifanya sheria ya maisha. Na mtu akiisha kuamini kwamba hakuna kinga, hataitafuta. Na asipoitafuta, methali itaonekana imetimia, kumbe ni yeye aliyeitimiza.

Je, Mungu yu wapi katika jambo hili? Wakristu tunasadiki kwamba hakuna kitu kinachotoka nje ya Maongozi yake, wala unywele wa kichwa chetu hauanguki pasipo yeye kujua. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino ametufundisha kwamba Mungu huutawala ulimwengu kwa njia ya visababishi alivyoviumba mwenyewe. Moto huunguza, maji huzima, mbegu huota. Na kimojawapo cha visababishi hivyo, tena kilicho bora kupita vyote vilivyo duniani, ni akili ya mwanadamu. Mnyama huongozwa tu. Mtu hushirikishwa katika kuongoza, apate kujitunza mwenyewe na kuwatunza wengine. Mwalimu huyo anapoieleza fadhila ya busara, huhesabu miongoni mwa sehemu zake kuona mbele, kuangalia mazingira, na kujihadhari. Na tazameni: neno la Kilatini analolitumia kwa kule kuona mbele, yaani providentia, ndilo lile lile litumikalo kwa Maongozi ya Mungu. Maana yake ni nini? Ni kwamba baba apasuaye kuni mwezi wa Mei na kuzianika, na mama akaguaye mablanketi ya watoto kabla ya Juni, hawashindani na Maongozi ya Mungu. Wanayashiriki. Huenda ule mkono wa Mungu tunaouomba utulinde usiku amekwisha kuutuma, nao ni mkono wako wewe mwenye kulitoa jiko nje.

Wengine watatukumbusha kwamba Bwana Wetu alitukataza kuisumbukia kesho, akatuonyesha ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna. Ndivyo alivyosema. Lakini alichokikataza ni fadhaa, ile hofu ya mtu asiye na Baba, hakukataza maandalizi. Hao ndege wenyewe hujenga kiota kabla ya kutaga mayai, wala hawangoji yai lianguke chini. Tena ni yeye yule aliyewasifu wanawali watano kwa sababu walichukua mafuta ya akiba pamoja na taa zao, na aliyeuliza ni nani ajengaye mnara pasipo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Katika Agano la Kale Yosefu aliweka nafaka miaka saba kabla ya njaa, na hakuna Mtume wala Nabii aliyesema alikosa imani kwa kufanya hivyo. Kitabu cha Mithali kinamsifu mke mwema kwamba haiogopi theluji kwa ajili ya nyumba yake. Kwa nini haiogopi? Si kwa kuwa amesahau kwamba theluji ipo, bali kwa kuwa watu wake wote amekwisha kuwavika.

Kuna jambo zaidi. Shetani alipompandisha Bwana Yesu juu ya kinara cha Hekalu, alimwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamchukua. Alinukuu na Maandiko, tena Zaburi. Naye Bwana alikataa, akasema si halali kumjaribu Mungu. Ndugu, mtu ajuaye hatari ya jiko, naye akaliingiza chumbani, akapiga ishara ya Msalaba na kulala, huyo amesimama juu ya kinara kile kile. Sala ya usiku ni njema, nasi twahimiza kila jamaa isali pamoja kabla ya kulala. Lakini Mungu hakutupa sala iwe badala ya akili. Alitupa vyote viwili ili visaidiane.

Tena Torati ilikuwa na amri moja ambayo wasomaji wachache huikumbuka. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Waisraeli waliagizwa kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka kutoka juu, na nyumba ikawa na hatia ya damu. Siku zile dari ilikuwa mahali pa kukaa na hata pa kulala. Angalieni vema: mwenye nyumba hakumsukuma mtu. Hakumchukia. Pengine alikuwa amelala. Na bado damu ilihesabiwa juu yake, kwa kuwa angaliweza kuweka ukingo naye hakuuweka. Hapo ndipo tunapoona kwamba amri ya tano haimkatazi mtu kuua kwa panga tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2269 inafundisha jambo lilo hilo: sheria ya maadili hukataza kumweka mtu katika hatari ya kufa pasipo sababu nzito, na hukataza pia kumnyima msaada aliye katika hatari.

Je, tuseme basi kwamba kila mzazi aliyepata msiba huu ana dhambi? La, hasha! Hapa twahitaji kwenda polepole, maana neno moja la haraka laweza kuvunja moyo uliokwisha kupondeka. Ili tendo liwe dhambi, mtu sharti awe anajua na anataka. Asiyejua, wala hakuwa na njia ya kujua, hana hatia mbele ya Mungu, ingawa madhara yametokea. Aliyeweza kujua akapuuza, huyo hawezi kujificha nyuma ya ujinga wake. Lakini ni kiasi gani alipuuza, na ni kiasi gani uchovu, umaskini na baridi vilimlemea, hayo anayapima Mungu peke yake. Bwana Wetu alipoletewa habari za misiba ya siku zake, aliwataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza, akawaambia watubu wao. Ndiyo namna ya kusema juu ya msiba. Kwa waliokufa na kwa wafiwa, huruma. Kwa sisi tulio hai, onyo.

Kwa hiyo katika mazishi tuyachunge maneno yetu. Mtu amwambiaye mama aliyefiwa kwamba Mungu ndiye aliyewataka wanawe, anadhani anamfariji, kumbe amemfanya Mungu kuwa mwuaji wa watoto. Kitabu cha Hekima kinatufundisha kwamba Mungu hakuifanya mauti, wala haufurahii uharibifu wa walio hai. Kaburini kwa Lazaro Bwana Wetu hakumwambia Marta kwamba kifo cha ndugu yake kilikuwa chema. Alilia machozi, ingawa alijua atakalolifanya baada ya muda mfupi. Basi nasi na tulie na waliao, tuwaombee marehemu katika Misa, tuwashike mkono waliobaki. Na matanga yakiisha kwisha, katekista au mzee wa kanisa asione haya kusema kwa upole mbele ya jumuiya yote: "Ndugu, jiko lisiingie tena chumbani mwa mtu yeyote." Maneno hayo hayamtukani marehemu. Yanamheshimu, kwa kuwa yanakifanya kifo chake kiwaokoe wengine.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumewahubiria maskini tu, na hiyo ni kazi nyepesi. Hebu tuulize: Ni nani hasa aingizaye jiko chumbani? Mwenye nyumba ya vyumba vitano, jiko la nje na mablanketi mawili kwa kila kitanda hana haja ya kufanya hivyo. Aingizaye ni mama aliyepanga chumba kimoja, apikaye, aoshaye na kulaza watoto mahali pamoja, ambaye akiliacha jiko nje litaibwa. Ni mlinzi wa usiku katika kibanda cha mabati, aliyepewa rungu na tochi lakini hakupewa koti. Ni binti mtumishi wa nyumbani alalaye stoo. Ni mwanafunzi wa bweni aliyetoka pwani na shuka moja. Watu hao hawakuchagua kati ya usalama na hatari. Walichagua kati ya baridi waliyoihisi na sumu wasiyoihisi.

Mtume Yakobo katika Barua yake amewaaibisha wale wamwambiao ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, wasimpe mahitaji ya mwili. Angalieni kwamba Mtume alitaja hata kuota moto! Nasi tukimwambia maskini, "Usiingize jiko chumbani," tukageuka na kwenda zetu, tumesema kweli, lakini tumesema kweli isiyo na blanketi. Torati ilimwamuru mkopeshaji aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani amrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu hana kingine cha kujifunika usiku. Na Mungu mwenyewe aliahidi kukisikia kilio cha mtu huyo alalaye katika baridi. Kwa hiyo baridi ya jirani si habari ya hali ya hewa tu. Ni kesi iliyokwisha kufikishwa mbele ya Hakimu.

Basi wewe mwenye nyumba za kupangisha, ule ukingo wa dari wakudai wewe. Chumba ulichokijenga kina dirisha lifungukalo? Kina matundu ya hewa juu ya ukuta? Umewawekea wapangaji kibanda cha kupikia kinachofungwa kwa kufuli, jiko lisiibwe? Wewe mwajiri, umemwuliza mlinzi wako analalaje, au unamwuliza tu kama mali yako i salama? Ninyi wakuu wa shule, mmekagua mabweni kabla ya Juni, na mmewaandikia wazazi wa mikoa ya joto kwamba mtoto aje na blanketi zito na sweta? Nanyi wazazi wa pwani, mkiiona orodha ya shule imetaja mablanketi mawili, msidhani ni ubadhirifu.

Na nyumba zetu wenyewe tuziandae sasa, mwezi huu, siyo usiku ule baridi itakapokuwa imetushinda. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa mahali pa upepo, zipate kukauka; kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yake, na kinachobaki ni moshi. Mwenye jiko la bomba alisafishe masizi, atazame kama ndege hawakujenga ndani. Nyufa za mlango na ukuta zizibwe, lakini matundu ya hewa yaliyo juu yasizibwe kamwe kwa magunia wala matambara. Mablanketi yaanikwe juani na kuhesabiwa. Jioni jamaa na ioteane moto jikoni au uani, isali Rozari, kisha iingie kulala, na moto ubaki huko huko. Maji ya moto yaliyotiwa katika chupa imara, ikafungwa vema na kuzungushiwa kitambaa, humpasha mzee miguu muda mrefu. Ikiwa hapana budi kuleta jiko sebuleni, watu wawe macho, mlango na dirisha viwe wazi, na jiko litolewe nje kabla ya mtu wa kwanza kusinzia. Chumbani mwa kulala lisiingie hata kwa nusu saa, kwa maana mtu akiisha kusinzia hana saa.

Na ikitokea mkawakuta watu wamezimia ndani ya chumba chenye jiko, fungueni mlango na madirisha yote, watoeni nje kwenye hewa safi upesi, na anayeingia kuwatoa asikawie ndani asije akaanguka naye. Wapelekeni hospitali mara moja, hata kama wameanza kuzinduka, na mwambieni mganga wazi kwamba palikuwa na jiko, kwa kuwa dawa yao ya kwanza ni oksijeni. Msifiche kwa kuona haya. Aibu isiyosemwa yaweza kuua mara ya pili.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zina kazi njema hapa. Mzifanye ziara za kipupwe: juma moja kabla ya Juni, wanajumuiya wagawane nyumba za wazee, wajane na wapangaji, waingie, waulize, watazame. Hapa blanketi lahitajika, pale dirisha limegandamana halifunguki, kule bibi hana nguvu za kupasua kuni. Haya si mambo makubwa. Fundi mmoja, vijana watatu na mchango mdogo vyatosha. Siku ya mwisho Bwana hatatuuliza kama tuliweza kuieleza asili ya mauti. Atatuuliza habari za mtu aliyekuwa uchi, kama tulimvika.

Moto wenyewe hatuusemi vibaya. Katika Kitabu cha Danieli vijana watatu waliotupwa katika tanuru waliviita viumbe vyote vimhimidi Bwana, wakauita moto, wakaiita na baridi. Vyote viwili ni vya Mungu, na vyote viwili vina mahali pake. Watu wa kisiwa cha Malta walimwashia moto Mtume Paulo na wenzake waliookoka baharini, kwa sababu ya mvua na baridi, na Maandiko yameukumbuka wema huo hata leo. Bwana Wetu mwenyewe, alipokwisha kufufuka, aliwangoja wanafunzi wake pwani ya ziwa alfajiri, na walipofika nchi kavu wakiwa wamelowa na kuchoka, walikuta makaa yanawaka. Alikuwa amewaandalia kabla hawajafika. Nasi tulioitwa kwa jina lake na tufanye vivyo hivyo kwa watu wa nyumbani mwetu na wa jirani, ili kipupwe hiki, saa ya kuamka ikifika, kila aliyelala aamke.